Linda nyaya za nyumbani na za gari: ala ya kusukwa husaidia, lakini haiponyi waya uliochubuka

Na Afisa wa Habari wa Kaunti

Inama leo jioni uchungulie nyuma ya televisheni yako. Katika nyumba nyingi utakuta waya wa televisheni, wa dekoda, wa redio, wa chaja mbili tatu na ekstensheni moja inayobeba mzigo wote huo, vyote vimesokotana kama kiota. Kisha fungua boneti ya gari, au inua kiti cha pikipiki. Huko nako utaona nyaya zinazopita kando ya chuma chenye makali, nyingine zimefungwa kwa tepu nyeusi ambayo gundi yake imeyeyuka kwa joto.

Nyaya hizi hazilalamiki. Hufanya kazi kwa miaka hadi siku plastiki inayozifunika inapochubuka na shaba iliyo ndani kugusa chuma, au kugusa waya mwingine. Hapo ndipo hutokea kile ambacho mafundi huita shoti, na ambacho sisi wanahabari huandika kuwa "hitilafu ya umeme". Mara nyingi maneno hayo mawili huwa yameficha hadithi ndefu: waya uliokanyagwa kila siku chini ya zulia, waya uliotafunwa na panya, au waya wa taa za matatu uliopitishwa kwenye tundu la bati bila kinga yoyote.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga ni jukumu la serikali za kaunti. Lakini gari la zimamoto hufika moto ukiwa tayari umewaka. Kinga huanzia kwa mkazi mwenyewe, na toleo hili linaeleza njia moja rahisi ambayo wengi hawajaizoea: kuzivisha nyaya ala ya kusukwa. Tunaeleza pia mahali ambapo ala hiyo haifai, kwa sababu ikitumiwa vibaya inaweza kuficha hatari badala ya kuiondoa.

ALA YA KUSUKWA NI NINI?

Kisu huwekwa kwenye ala ili makali yasiharibike wala yasimdhuru mtu. Waya nao unaweza kuvishwa ala. Ni mfuko mrefu mwembamba, wazi pande zote mbili, uliosukwa kwa nyuzi ngumu za plastiki ya poliesta kama unavyosukwa mkeka au kikapu. Baadhi ya mafundi na wauza vifaa vya magari huiita slivu. Huuzwa kwa mita.

Usukaji huo ndio siri yake. Ukiisukuma ala kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati, hupanuka na kumeza nyaya kadhaa kwa pamoja. Ukiivuta, hujikaza na kuzibana. Kwa kuwa ni wavu, hewa hupita na maji yakiingia hutoka, tofauti na mpira wa baiskeli ambao wengi wetu tumeuona ukifungiwa nyaya za pikipiki. Mpira huo hushika maji ndani, na mafuta ya injini huulainisha hadi ukaoza.

Ziko aina tatu ambazo mkazi anafaa kuzitambua:

Ya kwanza ni ala ya poliesta isiyo na mpasuko. Hii hufaa waya ambao ncha yake moja iko huru, kwani ni lazima uipitishe kutoka mwisho.

Ya pili imepasuliwa kwa urefu wake wote, na hujikunja yenyewe kuzunguka waya. Hii ndiyo inayofaa zaidi nyumbani, kwa sababu huhitaji kukata waya wala kufungua plagi ili kuivisha.

Ya tatu imesukwa kwa nyuzi za kioo, wakati mwingine ikapakwa silikoni juu. Hii ni ya sehemu zenye joto kali, kama vile karibu na bomba la moshi la gari.

Tofauti ya aina hizi si ya urembo. Ala ya kawaida ya poliesta hustahimili joto la takriban nyuzi 125 za selsiasi, na huyeyuka inapokaribia nyuzi 250. Bomba la moshi mahali linapotokea kwenye injini hufikia nyuzi mia kadhaa. Ukivisha waya wa hapo ala ya poliesta, itayeyuka na kugandia juu ya waya uleule uliotaka kuulinda.

INACHOFANYA NA ISICHOFANYA

Ala hufanya kazi mbili. Huzuia msuguano, na huziweka nyaya pamoja ili zisining'inie, zisivutwe na mtoto wala zisikwae miguuni. Huweza pia kumchelewesha panya, ingawa panya mwenye nia ataitafuna.

Basi, tuseme wazi yale isiyoyafanya.

Haizuii umeme. Ni wavu wenye matundu. Waya ambao shaba yake iko wazi, hata ukivishwa ala nzuri namna gani, bado unaweza kukurusha au kupiga shoti.

Haizuii maji. Waya wa ndani ya nyumba hauwi wa nje kwa kuvishwa ala.

Haiongezi nguvu za waya. Waya mwembamba unaobeba mzigo mkubwa utapata joto vilevile, na pengine zaidi ukiwa umebanwa pamoja na wenzake.

Na hapa ndipo penye hatari kubwa. Waya uliochubuka ukiwa wazi, utauona. Ukiuvisha ala, umeufunika macho yako lakini hujauondolea ugonjwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kagua waya kwanza, kutoka ncha hadi ncha. Kama umepasuka, umekauka, umebadilika rangi kwa joto au umeungwa kwa tepu, usiuvishe. Ubadilishwe.

NYUMBANI: TENGANISHA VYA JOTO NA VISIVYO VYA JOTO

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Plagi zetu za pini tatu bapa zimeundwa kubeba mkondo usiozidi ampea 13. Ukizidisha, unapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wa soketi moja, na pia ndio mwisho wa ekstensheni nzima hata kama ina matundu sita. Matundu mengi hayaleti umeme mwingi. Yanagawa uleule.

Sasa piga hesabu. Birika la umeme mara nyingi hutumia wati 2,000 au zaidi. Pasi hutumia wati 1,000 au zaidi. Vyote viwili kwenye ekstensheni moja vimekwisha kufika ukingoni au kuuvuka. Kwa upande mwingine, televisheni ya kawaida ya siku hizi, dekoda, ruta ya intaneti na chaja za simu zikiwekwa pamoja, kwa kawaida hazifikishi hata wati 300.

Kutokana na hesabu hiyo, pangilia nyaya zako hivi:

Nyaya za televisheni, dekoda, redio, ruta na chaja zinaweza kukusanywa pamoja ndani ya ala moja. Mzigo wake ni mdogo na hazitoi joto la kutisha.

Nyaya za birika, pasi, jiko la umeme, hita na kifaa cha maji moto ya kuogea zisikusanywe na nyingine. Kila kifaa kikae na waya wake, kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni. Kifaa cha kuogea kinahitaji waya wake maalumu kutoka kwenye boksi la swichi kuu, kazi ambayo ni ya fundi pekee.

Sababu ni joto. Plastiki ya nyaya nyingi za nyumbani imekusudiwa kufanya kazi kwa joto lisilozidi nyuzi 70. Nyaya zenye mzigo zikibanana, kila moja humpasha mwenzake na hewa ya kuzipoza hukosekana. Katika majedwali ya kanuni za uwekaji nyaya za Uingereza, zinazojulikana kama BS 7671, nyaya za saketi tatu zikifungwa fungu moja, uwezo wake huhesabiwa kuwa takriban asilimia 70 tu ya ule wa waya ulio peke yake. Mafungu yanayopendeza macho yanaweza kuwa yanajipika ndani.

Kwa sababu hiyohiyo, usiivishe ala ile sehemu yenyewe ya ekstensheni yenye matundu, wala kibonge cha chaja ya kompyuta. Hivyo hutoa joto na vinahitaji hewa. Na ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ikunjuliwe yote kabla ya kuchomekwa kifaa kikubwa. Waya ukiwa umejikunja hukusanya joto na unaweza kuyeyuka katikati bila wewe kuona.

Waya usipitishwe chini ya zulia, chini ya mguu wa kitanda au katikati ya mlango, hata ukiwa na ala. Ala huhimili kusuguliwa. Haihimili kukanyagwa na kubanwa kila siku. Upitishe kando ya ukuta na ushikilie kwa vibanio vya plastiki. Msumari wa chuma usiupige juu ya waya.

Wenye vibanda vya kinyozi, saluni, duka la kuchaji simu na vyumba vya kukodi tunawaomba wasome sehemu hii mara mbili. Ni katika maeneo hayo ambapo soketi moja hubeba kazi ya soketi tano.

KWENYE GARI: VOLTI 12 SI MCHEZO

Wengi hudhani umeme wa gari hauna madhara kwa kuwa hauwezi kumrusha mtu. Ni kweli kwamba betri ya gari dogo au pikipiki ni ya volti 12, na ya lori au basi nyingi ni volti 24. Lakini betri hiyohiyo ya gari hutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache ili kuwasha injini. Waya wake mkuu ukigusa bodi ya gari bila fyuzi katikati, mkondo huo hupita wote mahali pamoja. Shaba hugeuka nyekundu kama mkaa, na plastiki iliyo juu yake huwaka. Petroli nayo haiko mbali.

Gari linapotetemeka barabarani, waya uliolegea husugua chuma mara maelfu kwa siku. Sehemu za kukagua ni hizi:

Mahali nyaya zinapotoka kwenye injini kuingia chumba cha abiria. Tundu hilo la bati huwa na duara la mpira. Likiwa limeanguka au limekatika, lirudishwe kwanza, ndipo ala ifuate.

Kwenye bawaba za milango na za buti, ambako nyaya hukunjwa na kukunjuliwa kila mlango unapofunguliwa.

Chini ya viti, hasa kwenye matatu ambako reli ya kiti inaweza kuubana waya wa spika.

Karibu na betri, stata na altaneta, ambako nyaya ni nene na mkondo ni mkubwa.

Kwenye pikipiki na tuktuk, chini ya usukani. Kila unapokata kona, nyaya za taa na honi hujipinda. Ala ya kusukwa hufaa sana hapa kwa sababu hujipinda pamoja na nyaya, lakini acha ulegevu wa kutosha. Geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto kabla ya kufunga.

Wenye magari waliojiongezea taa, redio kubwa, spika au kifaa cha kuchajia simu za abiria wakumbuke kwamba fyuzi hutangulia ala. Waya wowote mpya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri, si huko mwisho penye redio. Waya ukichubuka katikati, fyuzi iliyo karibu na betri itakatika na kuzima mkondo. Fyuzi ikiwa mwisho, kipande chote kilicho kati yake na betri kiko uchi. Na fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Ilikatika kwa sababu.

Kuna nyaya mbili ambazo mwenye gari hafai kuzigusa kamwe. Katika magari ya haibridi na ya umeme, kebo nene za rangi ya chungwa hubeba umeme wa nguvu, mara nyingi zaidi ya volti 200, na zinaweza kuua. Nyaya za rangi ya manjano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama, na kuzichezea kunaweza kuifyatua. Hizo waachie mafundi waliofunzwa kazi hiyo.

JINSI YA KUIVISHA

Nyumbani, zima soketi na uchomoe plagi zote kabla ya kugusa chochote. Kwenye gari, zima injini, subiri ipoe, kisha fungua waya wa hasi wa betri kwanza. Ukimaliza, huo wa hasi uwe wa mwisho kurudishwa. Kwa njia hiyo spana ikiteleza na kugusa bodi haitatoa cheche.

Hatua zenyewe si nyingi:

1. Kagua waya wote kwa macho na kwa vidole. Futa vumbi na mafuta.

2. Pima unene wa fungu la nyaya, kisha chagua ala ambayo hulibana kidogo. Ala iliyolegea hucheza na kusugua badala ya kulinda.

3. Pima urefu, kisha ongeza sehemu moja kwa kumi au zaidi kidogo. Ala ikipanuka hupungua urefu.

4. Ikate kwa kisu kilichopashwa moto, ili nyuzi zigandane pale pale. Ukiikata kwa makasi, pitisha ncha karibu na mwali wa kiberiti kwa sekunde moja. Usipofanya hivyo itafumuka kama mkeka usiofungwa ukingo. Kazi hii ifanywe nje, mbali na petroli, gesi na betri inayochajiwa, na kabla ala haijavishwa waya.

5. Ivishe kwa kuisukuma kidogo kidogo, kisha ivute ijikaze.

6. Funga ncha zote mbili. Kwenye gari, bora zaidi ni kipande cha mrija wa plastiki unaonywea ukipashwa joto, kwa sababu gundi ya tepu ya kawaida huyeyuka karibu na injini. Mrija huo upashwe kwa mashine ya hewa moto, si kwa mwali wa kiberiti. Nyumbani, tepu ya umeme au kifungo cha plastiki kinatosha. Kifungo kisikazwe hadi kikauma waya.

7. Shikilia fungu lote mahali pake ili lisining'inie. Kwenye gari liwe mbali na bomba la moshi, feni na mikanda ya injini.

Rudi baada ya wiki moja. Guse fungu la nyumbani vifaa vikiwa vimewashwa kwa saa moja. Likiwa na joto la kuhisika, lina mzigo mkubwa mno. Chomoa na uzitenganishe.

UNAPONUNUA

Mwambie muuzaji unataka ya kutumia wapi: nyumbani, kwenye injini au karibu na bomba la moshi. Uliza aina isiyoendeleza moto. Fundi anaweza kuijaribu kwa kuwasha kipande kidogo nje ya duka: iliyo nzuri huzimika yenyewe mwali ukiondolewa, na iliyo duni huendelea kuwaka huku ikidondosha matone ya moto. Hiyo ya pili usiipeleke nyumbani.

Kwa ekstensheni, plagi na nyaya zenyewe, tafuta alama ya ubora ya KEBS. Ala bora juu ya waya duni ni pesa iliyopotea.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Kuvisha ala waya wa televisheni ni kazi ya mwenye nyumba. Kugusa nyaya zilizo ukutani, darini au kwenye boksi la swichi si kazi yake. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka kazi hiyo ifanywe na aliye na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mwombe akuonyeshe leseni. Nyaya za nje hadi kwenye mita ni za Kenya Power, na tatizo lake huripotiwa kwa nambari 97771.

Mwite fundi bila kukawia ukiona soketi imegeuka kahawia, ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, taa zikipungua mwanga kila friji inapowaka, au swichi kuu ikijizima mara kwa mara. Kwenye gari, dalili ni fyuzi ileile kukatika tena na tena, betri kuisha usiku bila sababu, au harufu ya kuungua unapowasha taa.

MOTO UKIZUKA

Usimwage maji kwenye kifaa ambacho bado kina umeme. Zima swichi kuu kama unaweza kuifikia salama, toa watu wote nje, kisha piga 999 au 112. Mtungi wa zimamoto wa poda kavu au wa kaboni dioksidi ndio unaofaa moto wa umeme. Kwenye gari, simama kando, zima injini, shusha abiria na muende mbali. Usifungue boneti wazi kabisa, kwani hewa itakayoingia itauchochea moto.

Kwa leo, hatuombi ubadilishe nyaya za nyumba nzima. Tunaomba dakika kumi. Chomoa plagi zilizo nyuma ya televisheni, zikunjue zile nyaya moja baada ya nyingine, na uzipitishe kati ya vidole. Ule utakaoukuta umechubuka, utupe. Ulio mzima, uvishe ala.